Secours ya Kasongo

Kwenye kona yetu ya Makiso, mbele ya kibanda changu cha kushona, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na ubao huo unaitwa Sénat. Hatukuchaguliwa na mtu, wala hakuna wa kutuondoa. Veranda ni yangu, cherehani ni yangu, bati linalotukinga jua ni langu vilevile, lakini kahawa ni ya Kyakimwa, mama wa Butembo, kwa hiyo rais wa Sénat ni yeye. Hukaa upande wa pili wa mbabula yake ya makaa, juu ya kiti kifupi cha duara kilichovikwa vipande vya vitenge. Nguo ya kiti hicho nilimshonea mimi wakati wa mvua. Alinipa kipimo kwa kamba, nami sikumuuliza kamba imezungushwa kwenye nini. Mimi wananiita Mètre kwa sababu ya futi yangu ya kupimia, na wageni wakisikia jina hilo hudhani ni Maître, yaani wakili, wakaanza kunieleza kesi zao. Huwa nawasikiliza tu, maana na mimi napenda kuheshimiwa.

Asubuhi hiyo Kasongo alisimamisha gari mbele yetu akiwa amevaa bazin nyeupe, vazi refu la sherehe, niliyoimaliza jana yake, imepigwa pasi mpaka inaumiza macho. Kasongo ni mtu wa Maniema, muuza vitenge sokoni, aliyefiwa na mke zamani. Alikuwa anaelekea uwanja wa ndege wa Bangoka kumpokea shangazi yake Binti, mama aliyemlea, anayetoka Kindu kwa jambo moja tu: kumwona mwanamke ambaye Kasongo anataka kuoa. Njiani alikuwa ampitie Élise, mwenye saluni ya nywele, ili wasimame wote wawili pale shangazi atakaposhuka. Shangazi alikuwa amekwisha kumwambia kwenye simu: asipomwona mwanamke, atarudi Kindu na kumchagulia yeye mwenyewe.

Niseme na jingine, maana halikuwa siri. Kasongo hula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa Kyakimwa. Huacha kwake mwavuli, simu ya kuchaji, dawa ya tumbo, funguo za duka na matatizo yake yote. Kyakimwa anampenda, na Sénat nzima inajua. Kasongo peke yake ndiye aliyejifanya hajui. Mara moja nilipomuuliza, alinijibu kwamba shangazi hawezi kukubali mtu wa Butembo, halafu akaniomba nimshonee kifungo.

— Kyaki, nipe kahawa moja ya mbio mbio, alisema bila kuzima gari. Élise ananingojea.

— Kahawa yangu haina mbio, alijibu Kyakimwa. Na bazin yako iko nyeupe sana kwa hii matope.

Hapo ndipo tairi la nyuma lilipoanza kupuliza. Psssss. Gari likainama upande mmoja taratibu, na Kasongo akainama nalo.

— Ndeko, voiture yako inatoa roho, alisema Tonton Sylvain.

Huyu Sylvain ni mfanyakazi wa serikali ambaye ofisini kwao viti havitoshi, basi anafanyia kazi hapa. Tunamwita Décret, kwa kuwa hakuna jambo duniani asilolitungia sheria.

— Ni upepo ya hapa inafanya vile, alisema Désiré.

Désiré tunamwita Ingénieur. Zamani aliwashikia bendera nyekundu watu waliokuwa wakitengeneza barabara, na tangu siku hiyo anajua kila chombo kinachotembea.

— Upepo ya hapa inafanya nini? aliuliza Kasongo.

— Iko na maji ndani, juu ya chutes, ile maporomoko ya Tshopo. Unajaza pneu, unazani ni upepo, kumbe umejaza mto. Jua ikipiga, mto inachemka. Boum!

— Haikufanya boum. Imefanya psss.

— Juu ilikuwa mto kidogo.

— Musumari njo ile pale, alisema Kyakimwa, bila kuinuka kwenye kiti chake. Ninaiona toka hapa.

Sote tukaangalia. Ni kweli, kichwa cha msumari kilikuwa kinang'aa kwenye mpira.

— Eh, alisema Ingénieur. Iliingia kutafuta maji.

Kasongo alitazama jua, akatazama barabara, akatutazama sisi.

— Batu ya Mungu, ndege itatua! Quado iko wapi?

Quado ni fundi wa matairi, na wa kona yetu alikuwa ameketi mbele ya mlango wake mikono mitupu. Umeme ulikuwa umekwenda tangu alfajiri, na mashine yake ya upepo bila umeme ni pambo tu.

— Basi tuweke secours, alisema Nassoro.

Huku kwetu gurudumu la akiba linaitwa secours, na ni vizuri msomaji ajue mapema kwamba neno hilohilo tunamwitia pia mwanamke anayewekwa pembeni, yule anayekumbukwa pale mwanamke wa kwanza akichelewa. Nassoro hakuwa na maana hiyo. Yeye tunamwita Kilomètre, kwa vile aliwahi kwenda Bafwasende kwenye lori, na hadithi zake zote zilitokea katika barabara hiyo, ambayo inarefuka kila akiisimulia.

— Mimi siwezi kupiga magoti na bazin, alisema Kasongo.

— Uvue.

— Ndani iko kaleso tu!

— Ya rangi gani? aliuliza Décret. Mu loi, nyekundu inasimamisha magari.

Kilomètre akasimama kwa kishindo. Ni mwongo, lakini si mvivu. Akatafuta mawe mawili akayabana kwenye magurudumu ya mbele, akatoa jeki nyuma ya gari, akaanza kuipandisha. Jeki ikazama kwenye matope. Akaipandisha tena, ikazama zaidi, gari likabaki palepale.

— Inataka ubao chini, alisema.

Wote wakaangalia ubao wa Sénat, na hapana aliyeinuka. Décret alikunywa kahawa polepole. Ingénieur alijifunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Halafu macho yote yakahamia kwangu, kwenye ubao wangu wa kupigia pasi.

— Hapana, nilisema.

— Mètre, ndege itatua!

— Ule ubao niliutoa Bunia!

Walikwisha kuuchukua. Nimepigia pasi suruali za maharusi juu ya ubao ule, na siku hiyo niliuona ukilazwa kwenye matope na kukanyagwa na chuma. Niliumia, na sitaficha.

Gari likapanda. Kilomètre akashika ufunguo wa nati, akavuta. Gurudumu likazunguka pamoja naye. Akavuta tena, likazunguka tena.

— Ah, nimesahau, alisema. Bulon unalegeza mbele, wakati pneu iko chini bado. Halafu njo unapandisha.

— Na haukusema?

— Bafwasende tulifanyaka vile vile, tulisahau vile vile.

Wakashusha gari, wakalegeza nati, wakapandisha tena. Ubao wangu ukalia mara mbili.

— Simameni! alisema Décret akinyanyua kidole. Triangle iko wapi? Mu code, gari ikiharibika, lazima triangle nyuma. Kama haiko, sisi wote ni washitakiwa.

Kasongo hakuwa nayo. Ingénieur akavuka barabara, akavunja matawi ya mchikichi kwenye uzio wa jirani, akayapanga barabarani nyuma ya gari. Alijipongeza hata kwa mkono wake mwenyewe begani. Tatizo ni kwamba hapa mjini matawi ya mchikichi mbele ya nyumba ni alama ya matanga, na watu wanaijua.

Mama mmoja mwenye beseni kichwani akasimama, akashika mdomo.

— Mawa! Nani amekufa?

— Pneu, alisema Kyakimwa.

Yule mama hakusikia vizuri. Akatupa pole, akasema huyo Pineu alikuwa mtu mwema, akaenda zake akifuta macho.

Gurudumu bovu likatoka. Kilomètre alilisukuma chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi badala ya mtu. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama daktari aliye kwenye operesheni.

— Secours.

— Iko chini, kule nyuma, alisema Kasongo. Inaningʼinia kwa munyororo.

Kilomètre akazunguka, akainama, akachungulia.

— Munyororo iko.

— Na secours?

— Munyororo iko.

Kasongo aliinama mwenyewe, amekusanya bazin mikononi kama bibi arusi anayevuka mtaro. Mnyororo ulikuwa unaning'inia peke yake, una kutu, umeshika hewa. Akainuka na uso umebadilika rangi.

— Tumeruka mpaka kumi na mbili bila kuhesabu moja, alisema Ingénieur. Gari iko juu ya kriki, pneu iko nje, na hatuna kitu ya kuingiza.

— Wameiba, alisema Kasongo. Wezi wameiba secours yangu!

— Lini?

— Nitajua je? Sikuiangaliaka.

— Kosa ni kuiweka chini, alisema Ingénieur. Secours unaweka juu ya toit, kwa paa. Chini inakutana na matope na matope tu. Inasahau kama iko gurudumu. Siku unaifunga, haijui kuzunguka.

— Uongo, alisema Décret. Mu loi, secours ni abiria. Unaikalisha kwa kiti ya nyuma, unaifunga ceinture, na kama iko na mimba, unaiweka mbele.

— Secours na mimba!

— Kama ni pneu ya camion ya mizigo, tumbo iko kubwa. Njo mimba ile.

Kilomètre alijipangusa mikono kwenye suruali, na sote tukajua Bafwasende inakuja.

— Nisikilize. Sisi tulikuwa na dereva mumoja, alifunga secours na kamba ya pori. Haikukazwa. Kati ya pori, tap, inaanguka. Sisi hatusikii, tunaenda. Kumbe secours nayo inaenda! Ilishuka mlima, ikatupita. Nilipungia mukono, nikizani ni toleka, baiskeli ya abiria.

— Kilomètre!

— Ikatupita, ninasema! Tukifika barrière mbele ya Bafwasende, tunaikuta imekamatwa. Wanasema inasafiri peke yake bila karatasi. Tuliilipia njo ikatoka.

— Na okapi? aliuliza Ingénieur, ambaye hupenda kusaidia na anajua hakuna hadithi ya Bafwasende isiyo na mnyama huyo.

— Okapi njo ilikuwa shahidi.

Nilicheka mpaka sindano ikavunjika kwenye cherehani. Hata Kasongo alitaka kucheka, lakini aliitazama simu yake, kicheko kikarudi ndani. Mtu wa miaka yake, anatakiwa uwanjani ampokee mama aliyemlea, gari liko juu ya miguu mitatu. Nilimwonea huruma, ingawa ubao wangu ulikuwa bado chini ya jeki.

— Mimi sasa nasema chini njo fasi yake, alisema Décret, akiwa amekwisha kumsahau abiria wake. Gizani. Batu baione ya nini? Secours ni kitu ya siku ya shida.

— Ni kweli, alisema Kasongo kwa uchungu. Mimi nilijua tu iko.

Kyakimwa alikuwa anachokonoa makaa. Alichokonoa kwa nguvu, cheche zikaruka.

— Ulijua tu iko, alisema.

— Eh.

— Haukuiangalia hata siku moja?

— Kuangalia nini, Kyaki? Secours haina kulalamika.

— Na upepo? Hauulizi kama iko na upepo?

— Ile si ya kuuliza. Unaenda, unaikuta.

Kyakimwa akaweka kile kijiti chini. Nilikuwa karibu naye, nikaona macho yake yamejaa maji, na si kwa moshi. Nikamkanyaga Décret mguu ili anyamaze, naye akanikanyaga wa kwangu akidhani ni mchezo.

Simu ya Kasongo ikalia. Sikio la simu hiyo limekufa kitambo, kwa hiyo kila anayempigia Kasongo huongea na Sénat nzima.

— Kasongo, ilisema sauti ya Élise. Nimevaa toka asubuhi. Nimekalia kiti ya client.

— Chérie, pneu imepasuka. Kidogo tu.

— Uweke secours.

— Donc... tunaitafuta.

— Hauna secours?

— Iko. Haionekane tu.

— Mwanaume muzima, na bazin yake, anaenda kuoa, hauna secours! Ingénieur akaziba mdomo kwa mikono miwili, na sauti ikaendelea: Kasongo, mimi shangazi yako sitamungojea kati ya barabara na matope. Mutu hapimi upepo ya pneu yake, mimi atanipima na nini? Tafuta secours moja uko, umuonyeshe shangazi. Mimi ninavua viatu.

Simu ikakatika. Kasongo akapiga tena, haikupokewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Wakati huohuo ndege ikapita juu yetu, chini kabisa, ikielekea Bangoka na magurudumu yake yameshatoka tumboni, yote mazima.

Kasongo alisimama katikati ya barabara akiisindikiza ndege kwa macho mpaka ilipopotea nyuma ya miti. Halafu akageuka. Akaangalia Décret, akaangalia mbabula, akaangalia mwenye mbabula. Nikaona wazo linamwingia, na nikataka kumzuia, lakini wazo lilikuwa mbele yangu.

— Kyaki, alisema kwa sauti laini. Uko na kitenge safi nyumbani?

— Niko nayo.

— Uvae mbio. Tukamate moto, pikipiki yoyote, tuende Bangoka. Nitaambia shangazi kama... ni wewe.

— Ni mimi nini?

— Ni wewe njo... Bon. Mambo ingine tutaona mbele.

— Umeniambiaka shangazi hapendi batu ya Butembo.

— Leo atapenda! Kyaki, unisaidie. Leo tu.

— Leo tu, alirudia Kyakimwa.

Akainuka. Aliinuka taratibu, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akainamia kiti chake. Akafungua kamba ambayo mimi mwenyewe niliipitisha kwenye upindo, akavuta ile nguo ya vipande vipande, akaikunja kwapani. Chini yake kulikuwa na gurudumu. Zima, jeusi, na rimu yake imepanguswa.

— Yesu, alisema Ingénieur.

— Wakati ya mvua, wezi walikuwa banakata secours chini ya magari usiku, alisema Kyakimwa. Ulitoa yako, ukaleta hapa mu gunia ya mchele. Ulisema: Kyaki, unichungie hii, nitakuja kuikamata. Nilichunga. Nilikuwa natuma kwa quado apime upepo. Nilikalia juu yake kusudi mwizi asiione. Wewe haukurudi kuuliza hata siku moja.

Kasongo alilitazama gurudumu, halafu Kyakimwa.

— Kyaki, nilisahau...

— Ninajua. Secours yako njo hii, ukamate. Iko na upepo. Kyakimwa alilisukuma kwa mguu, gurudumu likaviringika mpaka kwenye viatu vya Kasongo, likamwegemea gotini na kuacha alama nyeusi kwenye bazin, naye akamalizia: Lakini mimi, Kasongo, siko secours ya mutu.

Mimi ni mzee, nimesikia hotuba nyingi katika mji huu, nyingine zilikuwa na vipaza sauti na bendera. Hakuna iliyonipiga hivyo. Décret mwenyewe alivua kofia.

Kasongo alisimama na gurudumu lake. Kisha, bila kumwomba mtu, akapiga magoti. Kwenye matope, na ile bazin. Nilitaka kupiga kelele, ni kazi ya mikono yangu ile, nakshi za shingoni zilinichukua macho. Lakini nikashangaa kwamba sikuumia kama nilivyoumia kwa ubao.

Akalipachika gurudumu, akaanza kukaza nati, moja na jirani yake.

— Apana moja na jirani, alisema Kilomètre kwa upole. Moja ya huku, halafu ya ngʼambo. Vile pneu inakaa sawa. Halafu shusha, njo ukaze ya nguvu.

Akafanya hivyo. Gari likashuka, akakaza tena kwa mguu. Nikaokota ubao wangu. Ulikuwa na shimo la duara katikati, na tangu siku hiyo suruali zote za mtaa huu zina alama ndogo kwenye goti la kushoto.

— Na hii yenye kufa, unaweka wapi? aliuliza Ingénieur, akipiga teke lile tairi bovu. Toit?

— Kwa fasi yake, alisema Kasongo.

Sauti ilikuwa nyingine. Akalala chali, akajiburuta chini ya gari kwa nyuma, tukabaki tunaona miguu yake tu na pindo za bazin. Kilomètre akamsukumia tairi.

— Pitisha munyororo kati ya tundu, alimwelekeza. Uvute mpaka mwisho. Halafu utingishe na mukono. Ikicheza, haujafunga. Ile ya Bafwasende ilikuwa inacheza.

Tukasikia mnyororo unavutwa, kra, kra, kra. Kyakimwa alikuwa amesimama akiosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

Ndipo pikipiki moja, moto ya abiria, ikafika ikitoka Bangoka kwenda sokoni, imebeba mama mmoja mnene aliyejitanda ushungi wa buluu, sanduku mapajani na kuku chini ya kwapa. Moto ikasimama kwenye matawi ya mchikichi. Mama akatazama matawi. Akatazama gari analolijua kwenye picha. Akatazama miguu iliyotoka chini yake, imelala, na nguo nyeupe.

— Inna lillahi! Kasongo wangu! Wamekuvisha sanda mbele nifike!

Kuku akamtoka, akakimbilia kwa quado. Sisi wote tukasema pamoja, kila mtu lake, na hakuna lililoeleweka.

— Niko muzima, shangazi! ilisema sauti chini ya gari. Ninafunga secours tu!

Shangazi Binti akashika moyo. Alipopata pumzi alikuwa amekwisha kasirika, na hasira ilimfaa zaidi. Akamlipa dereva wa moto, akaja mpaka Sénat, akatutazama mmoja mmoja tuliokaa, na sote tukasogea.

— Nimesimama pale Bangoka mpaka batu ya sanduku wakaniuliza kama mimi niko sanduku, alisema. Nani atanipa kitu ya kunywa?

Kyakimwa akamimina kikombe, akakileta kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Shangazi akanywa. Akanywa tena. Akakitazama kikombe.

— Hii kahawa ya wapi?

— Ya Butembo, mama.

— Na wewe?

— Ya Butembo vile vile.

— Hm, alisema shangazi. Naona batu ya kule wanajua kazi.

Chini ya gari mnyororo ulipunguza mwendo.

— Kasongo! aliita shangazi. Ulisema nitamuona mwanamuke. Iko wapi?

Nikatazama cherehani yangu. Shangazi akamaliza kahawa, akampa Kyakimwa kikombe. Kyakimwa akakipokea, akauliza kama sanduku liingizwe kwenye kivuli, akaliingiza, akamfunika mgeni miguu kwa ile nguo ya kiti ili inzi wasimsumbue. Akatoa pia kwenye kikapu dawa ya tumbo ya Kasongo, akaiweka juu ya boneti.

— Hajakunywa ya asubuhi, alisema, kwa kila mtu na kwa hakuna mtu.

Shangazi aliangalia dawa. Akaangalia mwavuli wa Kasongo uliotundikwa nyuma ya Kyakimwa, na funguo za Kasongo zilizofungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Akainuka akaenda, akainama polepole mpaka karibu na ile miguu miwili.

— Kasongo. Huyu mama ni nani kwako?

Décret hakuwa na sheria. Ingénieur alitazama angani kama upepo ungemnongʼoneza kitu. Kilomètre alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuna kilichowahi kutokea Bafwasende. Mnyororo ulikuwa umesimama kabisa.

Shangazi akarudi kukaa, akajisogeza, akapigapiga ubao kando yake.

— Kuya uikale, mama. Umesimama toka nimefika.

Kyakimwa akapindua thermos. Lilitoka tone moja, likaangukia makaa likafanya psss. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akaiweka thermos chini, pale kilipokuwa kiti chake, akafunga mikono kifuani.

— Aksanti, shangazi. Nitaikala nikishasikia jibu.

Sote tukainama kuchungulia chini ya gari.